Kufutiwa mkopo wa masomo wa Marekani kwa ulemavu huku ukifanya kazi ya saa chache: tathmini ya mtu aliyeipitia huduma hii

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya kuwafutia mikopo ya masomo watu wenye ulemavu kamili na wa kudumu. Niliiomba mwaka 2024, nikiwa ninafanya kazi ya ukalimani kwa njia ya simu saa tisa kwa wiki, na kabla ya hapo nilikuwa nimeaminishwa kwamba mtu anayepokea mshahara wowote, hata uwe mdogo namna gani, hana haki ya kuigusa fomu hiyo. Imani hiyo ilikuwa potofu, na ilinigharimu karibu miaka miwili ya kulipa deni kwa fedha ambazo zilihitajika kwenye dawa na kodi ya nyumba. Naandika kwa ajili ya msemaji mwenzangu wa Kiswahili aliyeko Marekani, aliyeumia au kuugua akiwa katikati ya masomo, ambaye bado ana nguvu kidogo za kufanya kibarua na anaogopa kwamba kibarua hicho kitamfungia mlango.

Nilizaliwa Tanga na ninaishi Louisville, Kentucky, mji ambao una jamii kubwa ya wakimbizi kutoka Kongo na kwa hiyo una kazi nyingi za ukalimani wa Kiswahili hospitalini na shuleni. Nilipopata ukaazi wa kudumu nilijiunga na chuo kusomea uuguzi, huku nikifanya kazi kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee. Mwaka 2018, nikimwinua mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, niliumia uti wa mgongo. Nimefanyiwa upasuaji mara mbili, mguu wa kushoto umebaki na ganzi, na siwezi kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika 40 bila kulala chali. Masomo yalikatika, mkopo ukabaki: dola zipatazo 27,000 za serikali kuu na nyingine 6,000 za benki binafsi. Tofauti kati ya mafungu hayo mawili sikuijali wakati ninasaini, lakini ndiyo iliyokuja kuamua nini kinafutika na nini hakifutiki.

Huduma hii inahusu mikopo ya serikali kuu peke yake, yaani ile ya moja kwa moja kutoka wizarani, ile ya zamani iliyotolewa na benki chini ya dhamana ya serikali, na ile ya Perkins iliyotolewa kupitia vyuo. Mkopo wa benki binafsi haumo, na benki haifungwi na uamuzi wa wizara. Jambo hili linawagusa sana watu wetu, kwa sababu anayesoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi hapewi mkopo wa serikali kuu. Kama amekopa, amekopa benki, mara nyingi akiwa na ndugu aliyemdhamini. Wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi ndio wanaoweza kuwa na mkopo wa serikali. Mzazi aliyejikopea ili kumsomesha mwanawe naye anaweza kuomba, ila ulemavu unaoangaliwa ni wa mzazi mwenyewe, si wa mtoto.

Njia za kuthibitisha ulemavu ni tatu. Ya kwanza ni ya wanajeshi wastaafu, ambao ulemavu wao umekwisha kupimwa na idara yao. Ya pili ni ya wanaopokea mafao ya ulemavu kutoka Hifadhi ya Jamii ya Marekani (Social Security), yawe ya michango au ya wasio na kipato, na uamuzi wao uwe na sifa fulani, kwa mfano kwamba hali yao imepangwa kuangaliwa upya baada ya miaka mitatu au zaidi na si mapema kuliko hapo. Tangu mwaka 2021 wizara imekuwa ikilinganisha kumbukumbu zake na za Hifadhi ya Jamii na kuwafutia deni watu wa kundi hili bila wao kuomba. Mwezi Agosti mwaka huo ilitangaza kwamba watu zaidi ya 323,000 wangefutiwa jumla ya dola bilioni 5.8 kwa utaratibu huo. Ya tatu ni ya cheti cha daktari, na ndiyo niliyopitia mimi, kwa kuwa sikuwa nimefikisha miaka ya kutosha ya kuchangia Hifadhi ya Jamii, na mshahara wa mume wangu ulituweka juu ya kiwango cha kupata mafao ya wasio na kipato.

Sasa nije kwenye suala la kazi, kwa maana ndilo lililonitesa. Cheti cha daktari kinamtaka athibitishe kwamba mwombaji, kwa sababu ya hali ya mwili au ya akili, hawezi kufanya shughuli kubwa ya kujipatia kipato, na kwamba hali hiyo imedumu miezi 60 mfululizo, au inatarajiwa kudumu miezi 60, au inatarajiwa kuishia kwenye kifo. Neno linalobeba uzito wote ni lile la “shughuli kubwa”. Kanuni za wizara zinaieleza kuwa ni kiwango cha kazi inayofanywa kwa malipo au kwa faida na inayodai matumizi makubwa ya nguvu za mwili, za akili, au vyote viwili. Haikuandikwa humo kwamba mwombaji asiwe na kazi yoyote, wala haikuandikwa idadi ya saa au kiasi cha dola ambacho ukikipita kwa senti moja umejiondoa. Niliisoma tafsiri hiyo mara nne kwa Kiingereza, kisha nikajitafsiria kwa Kiswahili kama ninavyowatafsiria wagonjwa, na hapo ndipo nilipoona kwamba kilichokuwa kikinizuia ni maneno ya watu, si sheria.

Hifadhi ya Jamii, kinyume chake, ina kiwango cha fedha, na madaktari wengi hukitumia kama kipimo kichwani mwao hata pale wanapojaza fomu ya Wizara ya Elimu. Mwaka 2024 kiwango hicho kilikuwa dola 1,550 kwa mwezi kwa asiye kipofu na dola 2,590 kwa kipofu. Mwaka 2025 vikapanda hadi 1,620 na 2,700. Kipato changu cha ukalimani kilikuwa kama dola 800 kwa mwezi, na mwezi mbaya kilishuka hadi 500. Kwa hiyo hata kwa kipimo hicho, ambacho kwenye njia yangu hakikuwa cha lazima, nilikuwa chini sana. Anayepokea mafao ya ulemavu ya michango awe mwangalifu zaidi kuliko mimi, kwa sababu yeye ana hesabu ya pili: kuna miezi tisa ya kujaribu kazi, ambayo kwa mwaka 2024 kila mwezi wenye kipato kinachozidi dola 1,110 ulihesabiwa kuwa mmoja wapo, na miezi hiyo ikiisha, kipato kinachozidi kile kiwango kikubwa kinaweza kuyasimamisha mafao yenyewe. Hiyo ni hesabu ya mafao, lakini ikiwa mafao hayo ndiyo ushahidi wako wa kuombea kufutiwa deni, ni bora maombi yaende kabla hujaongeza saa za kazi.

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda kwa daktari, mume wangu aliniambia, “Mke wangu, hayo ya simu usiyataje. Atakuona mzima.” Nilimwelewa, alikuwa ananitakia mema, na nyumba yetu ilikuwa imechoka na barua za madai. Lakini kesho yake niliyataja, tena nilikwenda na karatasi niliyoandika mwenyewe nyumbani: siku ninazopokea simu, urefu wa kila mazungumzo, kwamba ninatafsiri nikiwa nimelala chali na simu ikiwa juu ya mto, kwamba baada ya mazungumzo mawili marefu ninalazimika kunywa dawa ya maumivu na kuacha kazi siku inayofuata, na kwamba mwajiri ananiruhusu kukataa simu yoyote bila adhabu. Daktari aliisoma, akauliza kama ningeweza kufanya hata kazi hiyo hiyo saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, nikamjibu kwamba nilijaribu saa nne kwa siku tatu mfululizo nikaishia chumba cha dharura. Aliandika hayo yote kwenye fomu kwa maneno ya kawaida: anaweza kukaa muda gani, kusimama muda gani, kutembea umbali gani, kuinua uzito gani, na kwa nini kazi ya saa tisa kwa wiki yenye masharti kama hayo haiwi shughuli kubwa ya kujipatia kipato.

Ninaamini kwa dhati kwamba karatasi ile ndiyo iliyoyabeba maombi yangu. Daktari huyu alinifahamu mgongo wangu, hakuijua siku yangu, na bila kuambiwa angeandika sentensi moja kavu ambayo mkaguzi angeitilia shaka mara tu akiona kipato kwenye kumbukumbu za kodi. Isitoshe, mwombaji husaini kuthibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli. Kuficha kazi ndogo ambayo haikukatazwa ni kujitengenezea kosa mahali ambapo halikuwapo.

Zamani cheti hiki kilikuwa kinasainiwa na daktari wa tiba peke yake. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023 ziliongeza wauguzi wenye shahada ya juu walioidhinishwa kutibu, madaktari wasaidizi, na wanasaikolojia wenye leseni ya kufanya kazi wakijitegemea. Hilo ni badiliko jema sana kwa wale ambao ulemavu wao ni wa akili au wa msongo uliotokana na vita, na nimekutana na wengi wa namna hiyo katika kazi yangu, watu kutoka Kivu ambao hawajawahi kuwa na daktari mmoja wa kudumu lakini wanaonana na mwanasaikolojia kila wiki mbili. Sharti lililobaki ni kwamba anayesaini awe na leseni ya kufanya kazi ndani ya Marekani au maeneo yake. Kwa hiyo aliyerudi nyumbani Dar es Salaam au Mombasa akiwa mgonjwa hawezi kuleta cheti cha daktari wa huko, hata awe bingwa kiasi gani. Ninavyoona mimi, hii ni dosari kubwa ya huduma hii, kwani wenzetu wengi hurudi nyumbani pale hasa afya inapowashinda. Anayefikiria kurudi asaini fomu yake kwanza, ndipo akate tiketi.

Fomu ni ya bure, na inapatikana kwenye tovuti ya serikali ya StudentAid.gov. Nalisisitiza hili kwa sababu kampuni moja ilinipigia simu mara tatu ikitaka dola 700 ili “inishughulikie”, na mtu aliyekuwa upande wa pili alijua jina langu, jina la chuo nilichosoma na takriban kiasi cha deni langu, hivyo alisikika kama mtu wa ofisi halali. Hakuna jambo ambalo angenifanyia ambalo nisingeweza kulifanya bila malipo. Anayehitaji mtu wa kumsemea, awe ndugu, mchungaji au wakili wa msaada wa kisheria, anaweza kumteua kwa fomu ambayo nayo haina gharama.

Ukitoa taarifa kwamba unakusudia kuomba, madai ya marejesho husimamishwa kwa siku 120 ili upate nafasi ya kutafuta ushahidi, na fomu ikishapokelewa madai huendelea kusimama hadi uamuzi utolewe. Siku hizo ni nyingi zikitazamwa kutoka mbali, lakini kuna siku nyingine 90 zinazokimbia ndani yake: fomu lazima iwasilishwe kabla siku 90 hazijapita tangu tarehe ya saini ya daktari. Hapo ndipo nilipoumia. Zahanati niliyokuwa nikitibiwa, ambayo sitaitaja, iliikalia fomu yangu baada ya daktari kusaini, ikidai inasubiri mtu wa kumbukumbu aigonge muhuri ambao fomu yenyewe haikuuhitaji. Nilipigwa danadana kwa wiki kumi na moja, na nilipoipata, sehemu ya namba ya leseni ilikuwa tupu. Wakati inarudishwa kujazwa, siku 90 zikaisha. Ilibidi nipange miadi upya, nilipe tena mchango wangu wa bima, na nilale kwenye kiti cha nyuma cha gari kwa safari ya dakika 50 kwenda na nyingine 50 kurudi. Mara ya pili sikutoka chumbani kwa daktari bila fomu mkononi. Niliikagua mstari kwa mstari mbele yake, naye hakuchukia. Ningekuwa nimefanya hivyo mara ya kwanza, ningeokoa miezi minne.

Baada ya kuiwasilisha mara ya pili, nilisubiri wiki saba. Barua ya kukubaliwa ilieleza kiasi kilichofutwa, na marejesho niliyokuwa nimelipa baada ya tarehe ya saini ya daktari nilirudishiwa, kama kanuni zinavyotaka. Jambo ambalo natamani ningelijua mapema ni kwamba hata kabla ya kuomba kufutiwa ningeweza kuhamia mpango wa kulipa kulingana na kipato, ambao kwa mtu wa kipato kidogo malipo ya mwezi yanaweza kushuka hadi sifuri. Niliendelea kulipa dola 140 kila mwezi kwa woga tu.

Wale walioomba miaka ya nyuma watakumbuka jambo moja ambalo liliichafua huduma hii kwa muda mrefu, nalo ndilo lililozaa uvumi kuhusu kazi. Baada ya kufutiwa, mtu alikuwa chini ya uangalizi wa miaka mitatu, na kila mwaka alitakiwa kutuma hati za kipato. Kipato cha kazi kikizidi kiwango cha umaskini cha familia ya watu wawili, ambacho mwaka 2021 kilikuwa dola 17,420, deni lilirudishwa. Yaani aliyepata nafuu kidogo akaongeza saa za kazi alikuwa hatarini. Lakini wakaguzi wa Bunge la Marekani walipolichunguza jambo hili mwaka 2016, waligundua kwamba asilimia 98 ya mikopo iliyorudishwa haikurudishwa kwa sababu watu walipata fedha nyingi, bali kwa sababu hawakutuma karatasi. Watu wagonjwa, wengine wa akili, wengine waliohama nyumba, walirudishiwa madeni ya maelfu ya dola kwa bahasha ambayo hawakuifungua. Kila ninaposoma takwimu hiyo moyo unaniuma, maana nawafahamu watu wa aina hiyo. Nimewasomea barua zao.

Uangalizi huo wa kipato uliondolewa rasmi na kanuni za Julai 2023. Mtu aliyefutiwa leo haulizwi tena kuhusu mshahara wake, na hili ndilo ambalo mfanyakazi wa saa chache anapaswa kulijua kuliko yote: nikipata nafuu mwakani nikafanya saa 20 kwa wiki, deni langu halirudi kwa sababu hiyo. Sharti lililobaki la miaka mitatu ni la kutokuchukua mkopo mpya wa wizara wala ile ruzuku ya wanaosomea ualimu. Ukichukua ndani ya muda huo, deni la zamani linafufuka, isipokuwa kwa wanajeshi wastaafu. Na hata baada ya miaka mitatu, anayetaka kukopa tena lazima alete cheti cha daktari kwamba sasa anaweza kufanya kazi, na asaini kwamba mkopo mpya hautafutwa kwa sababu ya ulemavu ule ule, ila kama utazidi kuwa mbaya. Kwangu hilo ni gumu kulimeza, kwa maana ndoto ya uuguzi sijaizika, lakini ni sharti la haki na limeandikwa waziwazi.

Kuhusu kodi, sheria ya mwaka 2017 iliondoa kodi ya mapato ya serikali kuu juu ya deni lililofutwa kwa ulemavu kuanzia mwaka 2018, na sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imeifanya nafuu hiyo kuwa ya kudumu. Majimbo yana sheria zao, na anayeishi kwenye jimbo lenye kodi ya mapato amuulize mtaalamu wa kodi kabla ya msimu wa kujaza fomu.

Nikiipima huduma nzima, naipa alama nne kati ya tano. Alama moja naipunguza kwa sababu ya sharti la leseni ya Marekani kwa watu waliokwisha kurudi makwao, na kwa sababu maelezo ya “shughuli kubwa ya kujipatia kipato” hayasemi lolote kwa lugha nyepesi kuhusu mtu anayefanya kazi kidogo, hali inayomwacha kila mwombaji kukisia peke yake. Sentensi mbili tu kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu zingetosha kuwatuliza maelfu. Upande wa benki binafsi, dola zangu 6,000 bado zipo. Niliandika kuomba huruma, wakaniongezea muda wa kulipa na riba ikaendelea kuhesabiwa. Ninazilipa kwa fedha ya ukalimani, simu ikiwa juu ya mto, Jumatatu na Alhamisi, na fomu ya wizara iliyosainiwa nimeihifadhi kwenye jalada moja na barua ya kukubaliwa, pamoja na karatasi ile niliyompelekea daktari.